Video ya Kushika Mkononi: Tuliza Picha Kwanza, Ndipo Ubane Faili

Nilipoanza kuchukua video za harusi hapa Unguja nilikuwa na kamera moja ndogo, memori kadi mbili na haraka nyingi. Usiku mmoja wa hina nilirekodi dakika nne za bi harusi akipakwa piko, kamera mkononi, mimi nimechuchumaa pembeni ya mkeka. Jamaa zake wa Muscat walikuwa wanasubiri, kwa hiyo usiku uleule nikaibana video mpaka ikawa nyepesi, nikaituma. Asubuhi nilipoitazama vizuri nikaona inatikisika mno. Faili la asili nilikuwa nimeshalifuta ili kadi ipate nafasi ya shughuli ya nikahi, basi nikachukua lile lililobanwa nikalitia kwenye programu ya kutuliza picha.

Mtikisiko ulipungua kweli. Lakini maua ya piko yalikuwa yamegeuka vijiraba, na vijiraba vile vilikuwa vinatembea juu ya ngozi ya binti wa watu. Mama yake akanishika bega: "Mwanangu, mbona mkono wa mwanangu unatambaa wadudu?" Sikuwa na la kumjibu zaidi ya "Nisamehe, mama."

Mambo yale mawili, kutuliza na kubana, nilikuwa nimeyafanya yote. Niliyafanya kinyume. Huu ni mwongozo wa kuyafanya kwa mpangilio wake, kuanzia namna ya kushika kamera mpaka faili linapofika kwenye simu ya mtu.

Kwanza ujue kinachotokea ndani ya kamera

Video ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, ikiachwa bila kubanwa inakula karibu megabiti 622 kila sekunde. Memori kadi ya kawaida ya simu haiwezi kubeba harusi nzima kwa mwendo huo. Kamera inabana papo hapo inaporekodi, na simu nyingi huishia megabiti 20 kwa sekunde au chini yake. Yaani kila biti moja inayoandikwa inasimama badala ya thelathini na zaidi.

Inawezaje? Kodeki (kanuni ya kubana na kufungua video) ya H.264, ambayo imekuwapo tangu 2003 na hadi leo ndiyo inayofunguka kwenye karibu kila simu, inaigawa fremu katika vigae vya pikseli 16 kwa 16. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina vigae 8,160. Kila kigae ni kama kinaulizwa: kwenye fremu iliyotangulia ulikuwa wapi? Kikijibu "nilikuwa hapahapa", hakiandikwi karibu chochote. Kikijibu "nilikuwa pale, nimesogea kidogo kulia", unaandikwa mshale wa kuonyesha kilikotoka, kwa usahihi wa robo ya pikseli, pamoja na tofauti ndogo iliyobaki. Kisipofanana na kitu chochote kilichotangulia, lazima kichorwe upya. Huko kuchora upya ndiko kunakomaliza biti.

Sasa mkono unapotikisika. Watu husema kila mtikisiko unaua mbano, na hilo si sahihi sana. Kamera ikiteleza tu kushoto na kulia, vigae vyote vinasogea pamoja, na mshale wa kigae kimoja unakisiwa kutokana na wa jirani yake, kwa hiyo gharama ni ndogo. Tabu ni kwamba mkono wa mtu hautelezi hivyo. Unapinda kama mtu anayekata usukani, na vigae vya H.264 vinajua kuteleza tu, havijui kuzunguka. Halafu sensa ya simu, yaani kile kipande kinachonasa mwanga, inasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kamera ikishtuka katikati ya kusoma, nguzo ya nyumba inapinda kama jeli. La tatu, nalo ndilo baya kuliko yote, ni ukungu wa mwendo: fremu hii ni kali, inayofuata imefifia kwa sababu mkono uliruka shata (kipazia kinachopitisha mwanga) ikiwa wazi, ya tatu ni kali tena. Kigae kikali hakiwezi kukopa kwa kigae kilichofifia. Kinachorwa upya.

Biti za kamera zina kikomo. Zikiishia kuchora mtikisiko, zinaibwa kwenye vitu vyembamba: nyuzi za nywele, makuti ya paa, na maandishi ya kanga. Mimi kipimo changu ni kanga. Nasimamisha video mahali popote mama anapopita na kanga yake, nasoma jina. Kama "Wema hauozi" inasomeka, faili ni zima. Kama limekuwa doa la rangi, kuna mahali nimekosea.

Wadudu wa bi harusi walitoka hapa pia. Mbano mkali unaacha alama za mipaka ya vigae, na mipaka hiyo imekaa palepale kwenye fremu wakati picha inatikisika chini yake. Ukiituliza video hiyo, programu inasogeza fremu nzima ili picha isimame, na vigae vinasogea nayo. Picha imesimama, alama zinatembea. Hakuna kitufe cha kuliondoa hilo baadaye. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hatua ya 1: Tuliza mwili wako

Hakuna programu inayoshinda mwili uliotulia, kwa sababu mtikisiko ambao haukutokea haukati kingo za picha, hauachi ukungu, na hauli biti.

Viwiko vibane mbavuni. Ukisimama, egemea kitu: nguzo, ukuta wa mawe, mlango. Ukikaa barazani, kamera iweke juu ya goti. Mkanda wa kamera uvae shingoni na uusukume mbele mpaka ukaze. Mvutano ule peke yake unaondoa mtetemo mdogomdogo wa vidole. Kuna na ujanja wa kamba: funga kamba kwenye skrubu iliyo chini ya kamera, ncha ya pili uikanyage, halafu vuta kamera juu mpaka kamba ikaze. Haizidi bei ya kikombe cha kahawa, na kwa upande wa juu na chini inafanya kazi ya stendi.

Ukilazimika kutembea, tembea kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Simaanishi kwa mfano tu. Mwangalie mtu aliyezoea kubeba ndoo. Magoti yake yamelegea kidogo, kisigino kinatua kwanza na unyayo unaviringika, kiuno ndicho kinachopokea mshtuko, kichwa kinakwenda kwenye mstari mmoja. Weka kamera yako mahali pa ile ndoo.

Hatua ya 2: Panga kamera ukijua utatuliza

Shata ndiyo inayosahaulika. Kanuni ya zamani inasema shata iwe mara mbili ya fremu, yaani fremu 25 kwa shata ya 1/50 ya sekunde, ili mwendo uonekane laini. Kanuni hiyo ni ya kamera iliyokaa kwenye stendi. Ukishika mkononi na ukajua utatuliza baadaye, ukungu wa mtikisiko utabaki ndani ya fremu hata baada ya picha kusimama: ukuta umetulia tuli, lakini unafifia na kukolea, unafifia na kukolea, kama unaovuta pumzi. Mimi hutumia 1/100. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50 na taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo 1/50 na 1/100 zote hazileti mistari ya taa za ukumbini. Juani nenda 1/200 bila wasiwasi. Simu yako kama inarekodi fremu 30 tu, si tatizo. 1/100 bado inafaa.

Ukumbi ukiwa na giza, shata ya 1/100 itapandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na kuleta chenga, vile vidoti vinavyochezacheza gizani. Chenga nazo ni adui wa mbano, kwa sababu kila fremu ina chenga mpya na kigae hakipati pa kukopa. Hapo rudi 1/50, na badala ya kutembea, simama mahali pamoja.

Rekodi kwa 4K hata kama utatoa 1080. Kutuliza kwa programu ni kusogeza fremu ndani ya dirisha dogo, na kingo lazima zikatwe. Ukikata asilimia 10 ya video ya 1920 kwa 1080 unabaki na 1728 kwa 972, ambayo itabidi ivutwe ikue tena. Ukikata asilimia 10 ya 3840 kwa 2160 unabaki na 3456 kwa 1944, na hapo unapunguza kwenda 1080 huku bado una akiba. Gharama yake ni nafasi: kwa hesabu za Apple wenyewe, dakika moja kwenye iPhone ni kama MB 60 kwa 1080 ya fremu 30, na MB 170 kwa 4K ya fremu 30. Nunua kadi kubwa zaidi. Acha na ukingo mtupu kidogo kuzunguka watu wako, usije ukakata vichwa.

Zima HDR ya video (ule mpangilio wa mwanga na rangi za masafa mapana) kabla ya kuanza, la sivyo ukifuata hatua za chini rangi zitatoka zimechujuka.

Hatua ya 3: Kitulizi cha kamera, kiwashwe au kizimwe?

Vipo vya aina mbili. Cha kwanza kinasogeza lenzi au sensa yenyewe, kwa hiyo mwanga unafika ukiwa umetulia tayari. Hicho kiache kimewaka karibu siku zote. Kinapunguza hata ukungu, jambo ambalo programu haiwezi.

Cha pili ni cha kielektroniki. Jairoskopu inapima mzunguko wa kamera mara nyingi kila sekunde, na kamera inakata na kusogeza kila fremu kabla haijaipeleka kwa kodeki. Neno kubwa hapo ni *kabla*. Kamera inatuliza picha mbichi, ndipo inabana, na kodeki inapokea vigae vinavyosema "nilikuwa hapahapa". Ndiyo maana kitulizi kizuri cha ndani, kwa mfano HyperSmooth iliyoletwa na GoPro kwenye HERO7 Black mwaka 2018, mara nyingi kinatoa picha safi kuliko kutuliza nyumbani. Faida ya pili ni kwamba jairoskopu haikisii kwa kutazama picha. Watu wakicheza ngoma mbele yako na kujaza fremu, haidanganyiki.

Lakini ina mahali inapokukosesha. Ukiwa ndani ya daladala unamrekodi abiria, jairoskopu inahisi gari linavyoyumba na kujaribu kuisimamisha dunia ya nje. Matokeo yake viti na abiria, waliokuwa wametulia nawe ndani ya gari moja, wanaanza kuelea. Kwenye boti ni hivyohivyo: ukimchukua nahodha wa jahazi, kizime; ukichukua ufuko kutoka baharini, kiwashe. Na ukigeuza kamera kufuata kitu, kitulizi kinachelewa mwanzoni kisha kinaruka mwishoni, kwa hiyo anza polepole na umalize polepole.

Kama kamera yako inahifadhi data za jairoskopu ndani ya faili, kuna programu ya bure iitwayo Gyroflow inayotumia data hizo kutuliza kwenye kompyuta. Ukiamua kuitumia, kile cha kielektroniki cha ndani kizime kabisa, kwani wawili wakisahihisha kosa moja kila mmoja kivyake, picha inalewa.

Kanuni ninayofuata mimi: simu ya kawaida na kazi ya haraka, washa cha ndani na usitulize tena nyumbani isipokuwa kwa lazima. Kamera isiyo na kitulizi kizuri, au tukio ambalo huwezi kulirudia, zima kile cha kielektroniki na utulize kwa makini mezani.

Hatua ya 4: Hamisha faili la asili, lilelile

Toa kadi au tumia waya wa USB. Usijitumie video kwa WhatsApp kwenda kwenye kompyuta, hata kama ni njia ya mkato iliyozoeleka; ukiituma kama video inabanwa upya, na hapo umerudi kwenye usiku wangu wa hina. Usiikate kwa programu ya simu inayoandika upya faili zima. Kitu cha kwanza kugusa video baada ya kamera kiwe ni kitulizi.

Hatua ya 5: Tuliza na ubane kwa mkupuo mmoja

Natumia FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, pamoja na maktaba ya vid.stab ya Georg Martius. Inaendeshwa kwa kuandika amri, na ninaipenda kwa sababu inatuliza na kubana ndani ya kazi moja, bila faili la katikati. Asiyependa amri atumie Shotcut au Kdenlive. Zote ni za bure na zina kichujio cha kutuliza kinachochambua kwanza kisha kusahihisha.

Hakikisha FFmpeg yako ina kichujio hicho. Andika:

`ffmpeg -filters`

na utafute mistari miwili, vidstabdetect na vidstabtransform. Ikikosekana, pakua toleo lililokamilika.

Mzunguko wa kwanza ni wa kuchambua tu. Hauandiki video, unaandika daftari la mitikisiko:

`ffmpeg -i hina.mp4 -vf "fps=25,vidstabdetect=shakiness=6:accuracy=15:result=hina.trf" -f null -`

Kipimo cha shakiness kinaanzia 1 hadi 10. Mkono uliosimama, 4 inatosha. Kutembea, 7 au 8. Ile fps=25 ipo kwa sababu simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo sawasawa, na sauti huishia kuachana na midomo. Weka namba ya kamera yako, iwe 25 au 30, na iwe ileile kwenye mizunguko yote miwili. Zikitofautiana, sahihisho la fremu moja linawekwa kwenye fremu nyingine na video inatikisika kuliko mwanzo.

Mzunguko wa pili ndio unaotuliza, kupunguza ukubwa na kubana:

`ffmpeg -i hina.mp4 -vf "fps=25,vidstabtransform=input=hina.trf:smoothing=20:optzoom=1:interpol=bicubic,scale=1920:1080:flags=lanczos,format=yuv420p" -c:v libx264 -crf 17 -preset slow -c:a copy -movflags +faststart hina_kuu.mp4`

Hapa kila neno lina kazi, na baadhi yanagusa kutuliza na kubana kwa pamoja.

*smoothing* ni idadi ya fremu zinazotazamwa mbele na nyuma. Ukiandika 20, jumla ni fremu 41, kama sekunde moja na nusu. Kwa mtu aliyesimama 10 hadi 15, kwa anayetembea 20 hadi 30. Ukizidisha, picha inakatwa sana na kamera inaonekana kama inaburutwa kwenye uji.

*optzoom=1* inatafuta ukuzaji mmoja unaofaa video nzima ili kingo nyeusi zisionekane. Ipo na 2, inayobadilisha ukuzaji kila wakati, na wengi huisifu kwa kuwa inakata kidogo. Mimi siitumii. Picha inayokua na kusinyaa taratibu ni mwendo ambao vigae haviwezi kuueleza kwa kuteleza, kwa hiyo unautoa mtikisiko mmoja na kumpa kodeki mwingine. Vivyo hivyo usiache kingo nyeusi zinazocheza. Ule mpaka mkali kati ya weusi na picha unaruka kila fremu na unakula biti kwa kitu ambacho hakuna anayetaka kukiona.

*scale* iko baada ya kutuliza. Tuliza ukiwa na pikseli zote za 4K, ndipo upunguze. Kusogeza fremu kwa sehemu za pikseli kunalainisha picha kidogo, na kupunguza ukubwa kunarudisha ukali. Maelekezo mengi huongeza kichujio cha kunoa baada ya vid.stab. Kama unatoka 4K kwenda 1080, huhitaji. Kama ulirekodi 1080 tupu, weka unsharp=5:5:0.5:3:3:0 baada ya kutuliza, usizidi hapo. Kunoa kunanoa na chenga, na chenga zilizonolewa zinalipiwa biti.

Kwa video za usiku zenye chenga, ongeza hqdn3d=2:1.5:3:2.5 baada ya vidstabtransform, kabla ya scale. Kichujio hiki kinalinganisha fremu na iliyotangulia ili kuondoa chenga, na kinafanya vizuri zaidi picha ikiwa imeshatulia, kwa kuwa ukuta uko palepale fremu kwa fremu. Ukikiweka kabla ya kutuliza kinapaka vitu mikia.

*crf* ndiyo kiwango cha ubora. Chini ni bora na kizito. 23 ndiyo ya kawaida, na kila ukiongeza 6 faili linakaribia kuwa nusu. Nimeweka 17 kwa sababu hili ni faili kuu, la kuhifadhi. Nakala za kutuma zitatoka humu.

Hatua ya 6: Kagua kabla hujaendelea

Tazama video nzima, usiruke. Angalia mahali watu wanapojaza fremu. vid.stab inakisia mwendo wa kamera kwa kufuata vipande vidogovidogo vya picha, na kina mama ishirini wa kidumbaki wakiyumba upande mmoja kwa pamoja, inaweza kuamini kwamba ni kamera iliyoyumba na kuuvuta ukumbi mzima kinyume chao. Bahari nayo huidanganya, mawimbi yakishika nusu ya fremu. Dawa ni kukata kipande hicho na kukiacha bila kutulizwa, au kukichambua upya kwa smoothing ndogo. Mtikisiko wa kweli unavumilika, ukumbi unaoyumba wenyewe unatia kichefuchefu.

Ukitaka kuona faida ya mbano kwa macho yako, chukua sekunde 20 zilezile, uzibane mara mbili kwa crf moja, bila sauti: mara moja zikiwa zimetulizwa, mara nyingine hazijatulizwa. Fanya kwa haki, kwani ukuzaji wa kutuliza nao unapunguza maelezo ya picha. Upande uliotulizwa badilisha optzoom=1 iwe optzoom=0:zoom=10, na ule usiotulizwa uanze na crop=iw/1.1:ih/1.1, kisha pande zote zipunguzwe kwenda 1920:1080. Linganisha uzito wa mafaili. Video ya kutembea karibu na ukuta wenye nakshi huonyesha tofauti kubwa. Ya bahari na miti kwenye upepo, tofauti ndogo, kwani maji na majani yanachorwa upya hata kamera ikiwa kwenye jiwe.

Hatua ya 7: Toa nakala za kutuma

Kila nakala itoke kwenye faili kuu. Nakala ya nakala ni mbano juu ya mbano.

Ukipewa kikomo cha uzito, piga hesabu. Tuseme sekunde 90 ziingie MB 16. MB 16 ni megabiti 128. Gawa kwa 90, unapata kama kilobiti 1,422 kwa sekunde. Toa 96 za sauti, acha akiba kidogo, baki na 1,250 za picha. Kwa kiasi hicho usilazimishe 1080. Shuka hadi 1280 kwa 720, kila kigae kipate haki yake.

`ffmpeg -y -i hina_kuu.mp4 -vf scale=1280:720 -c:v libx264 -b:v 1250k -preset slow -pass 1 -an -f null -`

`ffmpeg -i hina_kuu.mp4 -vf scale=1280:720 -c:v libx264 -b:v 1250k -preset slow -pass 2 -c:a aac -b:a 96k -movflags +faststart hina_ndogo.mp4`

Mzunguko wa kwanza unapima wapi pagumu na wapi pepesi, wa pili unagawa biti kwa mujibu wa vipimo hivyo. Video iliyotulizwa inanufaika sana hapa, kwa sababu sehemu tulivu zinatoa biti zao kwa sehemu za vumbi na ngoma.

HEVC, iliyokamilika 2013, inaweza kukupa ubora huohuo kwa biti chache zaidi. Kwa mteja mwenye simu mpya, sawa. Kwa bibi mwenye simu ya miaka saba iliyopita, baki na H.264, faili jepesi lisilofunguka halina faida. AV1, iliyotoka 2018, ina uwezo ambao vigae vya H.264 havina, wa kueleza mzunguko na ukuzaji wa fremu nzima kwa namba chache tu, na naisubiri kwa hamu ienee kwenye kamera za mkononi.

Ukituma kwa WhatsApp, ambatisha kama hati, usichague video kutoka kwenye picha zako. Kama hati inafika ilivyo, hadi GB 2, bila kubanwa upya. Mwambie anayepokea uzito wa faili mapema, kwa ajili ya bando lake.

Kabla hujafuta chochote

Faili la asili na lile daftari la .trf vikae kwenye diski mpaka mteja aone video kwenye simu yake mwenyewe. Daftari ni dogo sana, na ukilikosa itabidi uchambue upya saa nzima ya sherehe. Ukibadilisha jina la video, badilisha na la daftari. Kisha ifungue nakala ndogo kwenye simu ya bei rahisi kuliko zote nyumbani, mwangaza umepandishwa, uisimamishe mahali mtu anapopita mbele ya mlango, na usome jina la kanga.